Choo cha gari-nyumba kimeharibika: utengeneze au ununue kipya? Mwongozo kwa sisi watu wa maji

Harufu ndiyo hutangulia. Umeegesha gari-nyumba lako (lile gari lenye vitanda, jiko na choo ndani) kambini huko Lake District, Uingereza, mvua inapiga paa, watoto wamelala, halafu bafuni kunanukia choo cha stendi. Asubuhi unazunguka nje, unafungua kile kimlango cha ubavuni, unavuta kaseti, na chini yake unakuta kidimbwi cha maji ya buluu, rangi ya dawa ya choo. Hapo ndipo wengi wetu tunapochukua simu na kuanza kutafuta bei ya choo kipya.

Subiri kwanza. Nimeishi na gari-nyumba la mtumba hapa Uingereza kwa miaka kadhaa, mimi, mke wangu na watoto wawili, na choo chake kimenisumbua kuliko injini. Nilichojifunza ni kwamba miongozo ya kununua vyoo hivi imeandikwa na watu wa karatasi kwa ajili ya watu wa karatasi. Sisi tunaochamba kwa maji tukiifuata ilivyo, tunanunua kitu kisichotufaa. Kwa hiyo orodha yangu imepangwa kwa kigezo cha kopo.

Kwanza tuelewane kinavyofanya kazi. Magari-nyumba mengi ya Uingereza na Ulaya yana choo cha kaseti, na ukiangalia kibandiko mara nyingi utakuta jina la Thetford au Dometic. Kaseti ni dumu bapa la plastiki lililokaa chini ya bakuli. Miundo mingi ya Thetford huchukua lita 17 au 18, yaani kama debe moja la mafuta ya taa la zamani. Juu ya dumu kuna tundu, na tundu hilo hufungwa na kisahani kinachoteleza ukizungusha au kuvuta mkono wa bakuli. Kati ya kisahani na bakuli kuna mpira wa duara. Dumu likijaa unalitoa kwa nje, unalipeleka kwenye shimo la kumwagia kambini, unalisuuza na kulirudisha.

Sasa piga hesabu. Mtu mmoja, mkojo wake pamoja na maji ya kuflashi, hujaza kama lita tatu kwa siku. Akichamba mara tano kwa kopo la nusu lita, ameongeza mbili na nusu. Watu wawili ambao debe lao lingefika karibu siku tatu, sasa linajaa siku ya pili mchana. Mkiwa watu wazima wanne, debe lililoanza tupu asubuhi halifiki usiku wa manane. Hesabu hiyo ndiyo iliyopanga nafasi zifuatazo.

Nafasi ya 1: mpira mpya

Kabla ya kununua chochote kikubwa, badilisha mpira wa mdomo wa kaseti. Huku unapatikana kwa kati ya pauni 10 na 20, na ndio chanzo cha matatizo mengi ya harufu na kuvuja. Ukikauka, unakakamaa, unapasuka vipande vidogo ambavyo jicho halivioni, na maji yanapita pembeni.

Kuupima ni rahisi. Funga kisahani, mimina maji safi kidogo kwenye bakuli, kisha kaa nusu saa. Maji yakipungua, mpira umechoka au kuna uchafu umebanwa kwenye kisahani. Kipimo cha pili: osha kaseti vizuri, tia maji safi, funga, uilaze juu ya majani na uangalie kama inadondosha pale mdomoni. Usifanye kipimo hiki kaseti ikiwa na mambo yake ndani. Nimeona mtu amefanya.

Kazi yenyewe inahitaji glavu, bisibisi na nusu saa. Piga picha kila unachofungua, maana mpira una upande wa juu na upande wa chini, na ukiugeuza utavuja kuliko wa zamani. Ukimaliza, upake mafuta maalumu ya mipira ya vyoo au silikoni ya kupuliza. Mafuta ya zeituni yanasaidia ukikwama njiani. Vaseline hapana, ingawa najua imejaa kila nyumba ya Mswahili na tunaipaka kila kitu: inalainisha mpira kupita kiasi na kuuharibu. Jik nayo hapana. Akina mama zetu walitufundisha kuwa choo bila Jik hakijasafishwa, lakini kwenye hivi vyoo inakausha mpira, na baada ya muda unarudi dukani.

Angalia na vitu vingine vidogo kabla hujalaumu choo kizima. Ukibonyeza kitufe cha kuflashi na kukawa kimya kabisa, anza na fyuzi na nyaya. Pampu ikinguruma bila kutoa maji, tazama kama tangi lina maji au bomba limeziba. Kama gari lilikaa majira ya baridi bila kumwagwa maji, kuna uwezekano mkubwa barafu imeipasua pampu, na pampu inauzwa peke yake. Taa nyekundu inayowaka wakati kaseti ni tupu mara nyingi ni boya lililonata ndani kwa karatasi. Maji ya vuguvugu na kutikisa huliachia.

Na kama kaseti haitoki, usiivute kwa nguvu. Kisahani kiko wazi, na kufuli imeizuia kwa makusudi. Rudi ndani, funga kisahani, ujaribu tena. Ukilazimisha, unavunja mtambo wa juu, na tatizo la dakika moja linakuwa la pauni mia.

Nafasi ya 2: kaseti ya pili

Hapa ndipo ninapotofautiana na wazungu wengi ninaokutana nao kambini. Wao kaseti ya pili wanaiona anasa. Kwa familia inayochamba, ndiyo pesa utakayoitumia vizuri kuliko zote. Ya kwanza ikijaa saa nne usiku na shimo la kumwagia liko upande wa pili wa uwanja wenye tope, unaweka ya pili na kulala.

Kama kaseti uliyonayo imezeeka, ina utando wa manjano usiotoka na harufu imeingia kwenye plastiki, Thetford wanauza kifurushi kiitwacho Fresh-Up: kaseti mpya, kiti na mfuniko mpya, pamoja na dawa za kuanzia. Bei yake ni pauni mia na kitu. Choo kinarudi kama kipya bila kugusa bomba wala waya, na ile kaseti ya zamani, ukiibadilisha mpira, inakuwa akiba yako. Vifurushi hivi vipo hata kwa vyoo vya zamani vya C2, C3 na C4, kwa hiyo gari kuwa la miaka ya nyuma si sababu ya kukata tamaa.

Tahadhari moja: soma kibandiko kabla ya kulipa. Kaseti ya C200 haiingii kwenye C250, na kuna miundo ambayo ina ya kushoto na ya kulia kulingana na kimlango kiko ubavu gani. Chukua picha ya kibandiko na ya kaseti yenyewe, nenda nazo dukani. Kumwambia muuzaji "ni ile nyeupe ya Thetford" ni sawa na kwenda Kariakoo kuomba spea ya "ile Toyota".

Nafasi ya 3: Porta Potti

Kama gari lako ni van iliyogeuzwa kuwa gari-nyumba, haina kimlango cha ubavuni, au choo cha ndani kimekufa na hutaki kupasua ukuta, Porta Potti ni jibu la heshima. Ni choo cha kubeba, vipande viwili: juu maji safi, chini uchafu. Hakina waya wala fundi. Muundo wa 365 unabeba lita 21 chini na 15 juu, yaani uchafu mwingi kuliko kaseti nyingi za kujengewa, na kimo chake kinamfaa mtu mzima. Ule mdogo wa 335 una lita 10 tu. Kwa anayechamba ni wa safari ya usiku mmoja.

Ubaya wake ni kubeba. Lita 21 ni kilo 21 na zaidi, na zinapita katikati ya gari, mbele ya meza ya chai, hadi mlangoni. Kama mgongo unauma, usijaze hadi mwisho.

Nafasi ya 4: choo kizima kipya

Nunua choo kizima pale tu bakuli limepasuka, au fremu imevunjika pale kaseti inapokaa. Gharama ni mamia kadhaa ya pauni kabla ya fundi. Miundo inayouzwa sasa, C220 na C260, imechukua nafasi za C200 na C250. Wa kwanza ni wa benchi, yaani bakuli limejengewa kwenye benchi lisilosogea; wa pili una bakuli linalozunguka. Ukibadilisha benchi kuwa bakuli la kuzunguka, jiandae kujenga upya kona nzima ya bafu, na pengine kimlango cha nje hakitalingana. Baki kwenye umbo ulilonalo. Dometic wana bakuli lenye uso wa kauri ambalo husafishika kwa urahisi kuliko plastiki, na kwa hilo nawasifu.

Nafasi ya 5: feni ya SOG

Hii si choo, ni nyongeza. Ukifungua kisahani, kifeni kidogo kinaanza kuvuta hewa kutoka kwenye kaseti na kuitoa nje kupitia chujio la mkaa au bomba la paani. Harufu haipandi, na unaweza kuacha dawa ya buluu kabisa. Wajerumani wanaipenda mno. Naiweka ya tano kwa sababu haiongezi hata lita moja ya nafasi, na shida yetu kuu ni nafasi. Pia jirani wa kambi anayekula nyama choma upande wa kimlango chako anaweza kuwa na maoni yake.

Mwisho kabisa: vyoo vya kutenganisha na vya mifuko

Hivi ndivyo vinavyosifiwa kuliko vyote siku hizi. Nature's Head, Separett, Trelino, Boxio: mkojo unaenda mbele kwenye chupa, haja kubwa nyuma kwenye ndoo yenye maranda au usumba wa nazi, kila kitu kinabaki kikavu, hakuna dawa. Teknolojia ni nzuri na sina ugomvi nayo. Lakini uhai wake wote ni ukavu. Mwaga kopo moja la maji nyuma na umegeuza ndoo kuwa uji, na harufu inayodaiwa haipo inakuja yote kwa pamoja. (Usumba wenyewe unauzwa kwa tofali, ghali, mimi niliyekulia Tanga tukiruka makumbi njiani. Nilicheka dukani peke yangu.)

Ndugu mmoja alinishauri tuwe tunachamba juu ya sinia la kuogea (ile sakafu ya bafu), pembeni ya choo. Hapana. Maji yale yanaingia kwenye tangi la maji ya kuoshea vyombo, ambalo humwagwa mahali tofauti, na hutaki kinyesi humo. Kama umeshanunua choo cha kutenganisha, tumia karatasi kwanza, kisha kitambaa chenye maji, ukitupe kwenye mfuko wako.

Clesana, kinachofunga kila haja kwenye mfuko wake kwa joto, kina bei ya zaidi ya euro elfu moja na mifuko hununuliwa daima. Maji yetu yangeifanya kila pakiti iwe nzito kama mfuko wa maziwa.

Kwa walioko Marekani

Ndugu walioko Minnesota au Texas, mambo yenu ni mengine. Magari mengi huko hayana kaseti: bakuli, Dometic 300 au Thetford Aqua-Magic kwa mfano, linashusha uchafu moja kwa moja kwenye tangi la chini ambalo mara nyingi linazidi lita 100. Kopo halina madhara, tena linasaidia, maana adui wa tangi lile ni ukavu: uchafu bila maji hurundikana chini ya tundu kama kichuguu. Choo kisichoshika maji bakulini kinataka mpira wa bakuli; kinachovuja sakafuni kinataka mpira wa sakafu. Hata kubadilisha choo kizima huko ni kazi nyepesi, bolti mbili na bomba moja la maji. Kwa hiyo kwenu nafasi ya 4 inapanda hadi ya 2.

Mambo matatu ya matumizi kwa walio na kaseti. Badilisha kopo kwa chupa yenye mdomo mwembamba; sisi tulishuka kutoka nusu lita hadi kama robo, na debe likadumu muda zaidi. Vitambaa vya kufutia watoto visiingie kamwe. Na mkipanda milima na gari, mkifika juu fungueni kisahani taratibu, uso ukiwa mbali na bakuli, kwa sababu hewa iliyofungiwa bondeni inatafuta pa kutokea.