Breketi ya TV kwa ukuta wa matofali ya kuchoma: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukiingia duka la elektroniki Tabora mjini ukaulizia breketi ya TV, muuzaji atakuuliza, "Ya inchi ngapi?" Utamjibu 43, atakupa boksi limeandikwa inchi 26 hadi 63, utalipa, utaondoka. Hakuna aliyeuliza ukuta wako umejengwa na nini, na hilo ndilo lingepaswa kuwa swali la kwanza. Breketi iliyotulia miaka kwenye nguzo ya zege ya ofisi inaweza kung'oka pamoja na kipande cha plasta kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma kule Ipuli, na muuzaji hatakuwa amekudanganya chochote.

Nimeziorodhesha hapa kwa mtu mwenye ukuta wa matofali ya kuchoma, maana ndio ukuta wa nyumba nyingi huku, kuanzia Tabora na Urambo hadi Kasulu na Kigoma. Mwenye bloku ngumu za saruji ana kazi nyepesi zaidi, ila mpangilio wenyewe haumbadilikii sana.

Ukuta kwanza

Video nyingi za kufunga TV zinatoka Ulaya na Marekani, na mara nyingi TV inawekwa juu ya sehemu ya kuotea moto iliyojengwa kwa matofali. Matofali yale ni ya kiwandani, yanalingana, yamejengewa saruji. Ndiyo maana wengine kule wanashauri utoboe kwenye kiungo kati ya matofali: siku ukihama, kiungo ni rahisi kuziba kuliko tofali lililotobolewa. Ukiuchukua ushauri huo ukauleta Isevya, umekwisha. Kuta zetu nyingi zimejengewa udongo kwenye viungo, kisha zikapigwa plasta ya saruji juu. Kwa nje ukuta unang'aa, ndani skrubu imeshika tope kavu. Kwetu toboa katikati ya tofali, kiungo kikwepe.

Na matofali yenyewe hayafanani hata kama yametoka tanuru moja. Yaliyokaa karibu na moto hutoka meusi kidogo, magumu, ukiyagonganisha yanalia kama chuma. Ya pembeni na ya juu hutoka na rangi hafifu, ukiyakwaruza kwa msumari yanatoa unga. Fundi mwashi huyachanganya yote kwenye ukuta mmoja, na plasta ikishapita huwezi kujua lipi liko wapi.

Njia ya kujua ni unga wa drili. Funga biti ya milimita 6, zima kugonga, toboa taratibu mahali ambapo TV itapaficha. Unga wa kwanza utakuwa wa kijivu: hiyo ni plasta, mara nyingi sentimita moja na nusu au mbili. Ukifuata unga mwekundu, laini, na drili inakataa kidogo, uko kwenye tofali zuri. Ukitoka wa kahawia na biti ikazama yenyewe kama inaingia kwenye muhogo uliochemka, hicho ni kiungo cha udongo. Sogea sentimita nne au tano juu au chini ujaribu tena. Weka alama ya penseli kila ulipopata tofali. Alama hizo ndizo zitakazokuchagulia breketi.

Usitoboe moja kwa moja juu au chini ya soketi na swichi. Mabomba ya nyaya hupita wima humo ndani. Na uzime umeme kwenye meni swichi, utumie drili ya betri kama unaweza kuazima.

Ya kwanza: breketi ya kuinama yenye bamba pana

Hii ndiyo ningemwambia ndugu yangu anunue. Ina bamba la kukaa ukutani, halafu vyuma viwili vya kufunga nyuma ya TV vinavyoning'inia kwenye bamba na kuruhusu TV iiname mbele kidogo.

Kuinama siyo sababu kubwa, ingawa kunasaidia kuondoa mng'ao wa dirisha. Sababu kubwa ni bamba. Bamba pana huwa limejaa matundu marefu, safu juu na safu chini, kwa hiyo unachagua matundu yanayoangukia kwenye zile alama zako za penseli. Breketi yenye matundu manne tu inakulazimisha kutoboa inapotaka yenyewe, na ikitaka kwenye kiungo, huna la kufanya.

Sababu ya pili ni nafasi. Aina hii huacha sentimita tano hadi saba nyuma ya TV. Mkono unapita. Masika ya Tabora na radi zake unayajua: wingu likifunga unataka kuchomoa waya wa umeme na ule wa dishi haraka, bila kuiteremsha TV nzima. Nafasi hiyo pia inapitisha hewa, jambo la maana kama ukuta wako unatazama magharibi. Matofali yanayopigwa na jua la Oktoba alasiri yote yanabaki na joto hadi usiku.

Dukani, fungua boksi. Bonyeza bamba kwa vidole gumba katikati. Likibonyea kama mfuniko wa debe, rudisha. Angalia kama lina skrubu ndogo za kufungia chini ili mtoto akivuta TV isinyanyuke kutoka kwenye bamba. Nyingine hazina, na bei ni ileile.

Ya pili: ya kuchomelewa na fundi

Najua wengi wangeweka ya dukani nafasi hii. Mimi naweka ya fundi wa kuchomelea, kwa sharti moja: uende na vipimo. Chuma cha pembe alichonacho karakana kwa kawaida ni kinene kuliko cha kwenye boksi, na anaweza kukutengenezea bamba refu la sentimita 80 linalokamata matofali mazuri hata yakiwa mbalimbali. Hakuna kiwanda kitakachokufanyia hivyo.

Vipimo vyenyewe ni umbali wa matundu manne nyuma ya TV, kwa milimita, kutoka kati ya tundu hadi kati ya tundu: ulalo kwanza, kisha wima. Kuna utaratibu wa kimataifa unaoitwa VESA, na TV nyingi zinafuata vipimo kama 100 kwa 100, 200 kwa 100, 200 kwa 200, 400 kwa 200 au 400 kwa 400. Inchi za TV hazikuambii kipimo hiki. TV mbili za inchi 43 zinaweza kutofautiana, kwa hiyo pima yako, au soma kitabu chake.

Fundi atake asitake, mwambie asage kingo na apake rangi kabla hujachukua. Kingo kali hukata waya wa kisimbuzi polepole bila wewe kujua. Bolti za kuingia nyuma ya TV zinunue mwenyewe: TV ndogo nyingi hutumia M4 au M6, kubwa M6 au M8. Ziwe za urefu sahihi. Bolti ndefu mno ikilazimishwa inaweza kufika kwenye kioo, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia.

Ya tatu: breketi bapa isiyosogea

Bei yake ndiyo ya chini, na kwa ukuta ndiyo yenye huruma kuliko zote, maana TV inakaa karibu kabisa na ukuta. Kwa TV ya inchi 32 yenye kilo nne au tano, inatosha. Nimeishusha kwa sababu ya ile habari ya radi: sentimita mbili za nafasi hazipitishi mkono, na soketi ikiwa nyuma ya TV, kuchomoa kunakuwa shughuli ya watu wawili. Kama soketi yako iko pembeni, ipandishe hadi nafasi ya kwanza.

Ya nne: stendi au kabati la chini

Kwa nyumba ya kupanga, stendi ni ya kwanza, wala hatubishani. Mwenye nyumba anayekagua kuta siku ya kukabidhi funguo hatajali breketi yako ilikuwa bora kiasi gani.

Na kwa ukuta wa matofali mabichi, yasiyochomwa, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi za zamani za Ujiji na vijijini, stendi ndiyo jibu la kwanza kwa TV kubwa. Watu hujaribu kubandika ubao wa mninga ukutani kwanza ili kugawanya uzito. Mninga ni mbao nzuri, lakini ubao nao unashikwa na skrubu zilezile kwenye udongo uleule, na nyuma yake mchwa wanapata njia iliyofichika. Ukikataa stendi, kinachofanya kazi ni bolti ndefu inayopita ukuta mzima na kufungwa nati kwenye kipande cha bati nene upande wa pili. Ukiwa tayari kuona vichwa vinne vya bolti chumbani kwa watoto, sawa.

Ya mwisho: ya mkono

Inapendwa kwa sababu inavutika, inageuka, unatazama mechi ukiwa meza ya chakula. Ukuta ndio unaolipa. Chukua TV ya kilo 10 kwenye breketi ambayo bolti za juu na za chini zimeachana sentimita 20. Ikikaa sentimita 5 kutoka ukutani, bolti za juu zinavutwa nje kwa nguvu ya kilo mbili na nusu hivi. Ivute hadi sentimita 40, nguvu hiyo inafika kilo 20. Kila anayeigeuza anaongeza yake. Tena bamba la breketi ya mkono huwa jembamba, matundu machache, yote yamebanana, kwa hiyo uwezekano wa kuangukia kiungo ni mkubwa. Kwenye nguzo ya zege, nunua. Kwenye matofali ya kuchoma, usizidishe inchi 32.

Skrubu za kwenye boksi

Hapa ndipo pesa ndogo inaokoa kubwa. Plagi za plastiki na skrubu zinazokuja na breketi kwa kawaida ni fupi, sentimita tano au sita. Toa unene wa bamba, toa sentimita mbili za plasta: kilichobaki kwenye tofali ni kidogo. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue plagi za milimita 10 na skrubu nene zinazolingana nazo, urefu sentimita 8 au zaidi. Sukuma plagi hadi ipite plasta yote ikae ndani ya tofali. Safisha unga kwenye tundu kabla ya kuingiza. Kipande cha mrija na pumzi vinatosha, funga macho.

Muuzaji akikupa bolti za chuma za kutanuka, zile za kushikilia mageti, mwambie asante umrudishie. Kwenye zege hazina mpinzani, ila tofali laini zinalipasua kutoka ndani.

Namba iliyochapwa kwenye boksi, kilo 40 au 50, inahusu chuma cha breketi. Haisemi lolote kuhusu ukuta wako. TV ya inchi 43 siku hizi ina kilo 7 hadi 10, ya inchi 55 kilo 12 hadi 18. Ukishafunga bamba, kabla ya TV, ning'iniza dumu la lita 20 lililojaa maji kwa kamba upande mmoja, uache usiku kucha, kisha hamishia upande wa pili. Kwa TV ya inchi 43 hilo ni zaidi ya mara mbili ya uzito. Asubuhi pitisha ukucha kati ya bamba na plasta: pakiwa na uwazi ambao jana haukuwapo, toa, tafuta tofali jingine. Kwa inchi 55, madumu mawili kwa pamoja.

Kimo

Mafundi wengi watataka kupandisha hadi karibu na lenta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, kwa sababu pale kuna zege na kazi ni rahisi. Sebule inageuka banda umiza, shingo zinauma kabla ya mapumziko. Kaa kwenye kochi lako, mtu mwingine apime kutoka sakafuni hadi macho yako. Kwa makochi mengi ni kama mita moja na kidogo. Katikati ya kioo pakae hapo, au sentimita 20 juu yake kama una watoto wa kurusha mipira. Breketi ya kuinama inaruhusu kupandisha zaidi kidogo, maana unakielekeza kioo chini. Pima kwa pimamaji, siyo kwa kufuata mstari wa dari. Dari zetu zina maoni yao.

Acha pia mahali pa kisimbuzi na TV gadi, kabla fundi hajafunga begi lake la vifaa.