Makao ya Wazee Yenye Ngazi Kadhaa za Huduma: Anza Kukagua Wodi ya Mwisho

Wahudumu wa mapokezi hupenda kumwanzishia mgeni kwenye nyumba ya mfano: jiko jipya, dirisha la bustani, kisha ukumbi wa chakula. Waombe wakupeleke kwanza wodi ya uuguzi. Ada ya kuingia, ile inayolipwa mara moja mwanzoni, inalipwa kwa ajili ya ngazi za mwisho. Nyumba nzuri ya kujitegemea hupatikana kwingine kwa fedha kidogo.

Kwa kawaida ngazi ni nne: kujitegemea; kusaidiwa kuoga, kuvaa na kumeza dawa; kitengo cha waliopoteza kumbukumbu; na uuguzi wa saa 24. Hakikisha zote zipo ndani ya uzio mmoja. Kuna makao yanayotangaza "ngazi kadhaa" ilhali yana mbili tu, na anayezidiwa hutafutiwa kituo kingine.

Kazi kubwa iko kwenye mkataba. Marekani, ambako mtindo huu umeenea, mikataba hupangwa kwa herufi. Wa aina A una ada kubwa ya kuingia, lakini ukihamia uuguzi malipo ya mwezi hayabadiliki sana. Aina B hukupa idadi fulani ya siku za uuguzi bure au kwa punguzo, kisha unalipa bei kamili. Uliza kama siku hizo ni za kila mwaka au za maisha yote, na kama mume na mke wanagawana. Aina C ina ada ndogo ya kuingia, ila kila huduma hulipiwa kwa bei yake. Kwa mwenye afya njema na akiba ya wastani, A ndiyo yenye utulivu zaidi. C inamfaa mwenye bima ya matunzo ya muda mrefu au fedha za kutosha kubeba miaka ya uuguzi.

Wengi huamini Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani inayowahudumia hasa wazee, itafidia. Hailipii matunzo ya kudumu. Hulipia uuguzi wa kitaalamu hadi siku 100 kwa kipindi, 20 za kwanza kikamilifu na zilizobaki kwa kuchangia, na kwa kawaida sharti mgonjwa awe amelazwa hospitali siku 3 mfululizo. Kulala kitandani "kwa uangalizi" tu, bila kulazwa rasmi, hakuhesabiwi, hata kama ni wodi ileile na shuka zilezile.

Piga hesabu ya nyongeza. Ada ya mwezi ikipanda asilimia 4 kila mwaka, baada ya miaka 10 itakuwa imeongezeka kwa takriban asilimia 48. Omba rekodi ya nyongeza za miaka mitano iliyopita pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Kuhusu marejesho mkazi akihama au akifariki, ada ya kuingia ambayo sehemu yake ya kurejeshwa hupungua asilimia 2 kwa mwezi huisha ndani ya miezi 50. Pale wanapoahidi kurejesha sehemu kubwa, soma wanarejesha lini: mara nyingi ni mpaka nyumba ipate mkazi mwingine, na warithi wanaweza kusubiri sana.

Vifungu viwili huleta ugomvi kuliko vyote. Nani anaamua kwamba mkazi ahame ngazi: daktari wake, familia, au uongozi peke yake? Na vitanda vya uuguzi vikijaa, mkazi anapelekwa wapi, kwa gharama ya nani? Jibu la mdomo halitoshi, liandikwe.

Usisubiri mzee adhoofike. Makao mengi yenye aina A hupima afya kabla ya kupokea, na aliyekwisha kuanza kusahau hukataliwa au huelekezwa C.

Ziara ya pili ifanye jioni ya mwisho wa juma, bila miadi. Hesabu wauguzi wa zamu ya usiku. Tazama taa ya wito ikiwaka mlangoni, kisha angalia saa mpaka mtu aingie. Ukinusa mkojo kwenye korido nzima, si chumba kimoja tu, jua zamu zina upungufu wa watu.