Uzoefu wangu: Redio ya Bluetooth kwenye Toyota iliyotoka Japani

Gari ninalolizungumzia ni zile Toyota ndogo zilizotumika Japani kabla ya kuja kwetu: IST, Vitz, Passo, Premio na ndugu zao. Redio zinazokuja nazo nyingi zina matatizo yaleyale. FM inashika 76 hadi 90 tu wakati stesheni zetu zimesambaa hadi 108, menyu ni ya Kijapani, ramani ni ya Japani, na muziki ni wa CD au MD (kile kidiski kidogo cha Kijapani). Simu haina pa kuingilia. Mimi nimeitoa na kuweka Pioneer ya jamii ya MVH yenye Bluetooth, yaani redio ya DIN 1 (kipimo cha redio nyembamba) isiyo na sehemu ya CD, inayokuja na maiki ya nje yenye waya. Nimeitumia vya kutosha kusema hivi: kwa mtu anayetaka kuongea na simu bila kuishika na kusikiliza nyimbo zake kwa sauti safi, sijaona njia nyingine inayolipa hivi. Lakini matokeo yanategemea mambo mawili ambayo muuzaji hatakutajia: namna waya zilivyoungwa, na mahali maiki ilipokaa.

Kwanza niseme kwa nini sikubaki na njia za mkato. Transmita ya FM, ile inayochomekwa kwenye tundu la sigara, ni rahisi na haihitaji fundi, ila kwenye redio ya Kijapani unabakiwa na nafasi ya 87.5 hadi 90 peke yake, na mjini nafasi hiyo imejaa stesheni. Ukitembea mtaa mmoja hadi mwingine, stesheni yenye nguvu inakuja juu ya wimbo wako. Ukifunga FM ekspanda nafasi inaongezeka, kwa sababu kifaa hicho hushusha masafa: ekspanda ya 18 huifanya stesheni ya 98.0 isikike ukiweka 80.0. Hata hivyo sauti bado inapita njia ya redio, ikiwa na mkwaruzo wake na ncha za juu zilizokatwa. Na kwa upande wa simu ndiyo mbaya zaidi, maana maiki imo ndani ya kijidude kilichoko chini karibu na gia, mbali na mdomo, inakusanya mngurumo wote wa gari.

Kama redio yako ya asili ina AUX (tundu la kuingizia sauti) au waya wa VTR (wa kuingizia sauti na picha), kipokezi kidogo cha Bluetooth kinaweza kukutosha kwa muziki. Angalia mambo mawili. Tundu la VTR lina njia nne kwa sababu linabeba na picha, na mpangilio wake haufanani kwa redio zote, hivyo waya wa kawaida wa spika za masikioni unaweza kukupa upande mmoja tu. Pima kwa mita kabla ya kununua. Pili, ukikichaji kipokezi kutoka tundu la sigara huku kimeungwa AUX, unapata mlio mwembamba unaopanda na kushuka kwa mwendo wa injini. Hiyo ni alteneta ikisikika kupitia ethi (waya hasi) mbili, moja ya chaja na moja ya AUX. Chomoa chaja, mlio ukikata, tatizo ni hilo, na dawa ni kile kichujio kidogo cha kutenganisha ethi kinachowekwa katikati ya waya wa AUX.

Sasa ufungaji. Uwazi wa redio kwenye Toyota hizi una upana wa milimita 200 na kimo cha 100. Redio ya kawaida ya DIN ina upana wa 178 hivi, na DIN 1 ina kimo cha 50. Kwa hiyo utabaki na pengo la milimita 11 kila upande na nafasi nzima chini. Nunua fremu ya Toyota yenye vijazio vya pembeni pamoja na kisanduku cha chini. Vinauzwa pamoja kwenye maduka ya vifaa vya magari kama yale ya Gerezani, Dar es Salaam. Usikubali fundi akujazie pengo kwa sponji au vipande vya plastiki. Redio itacheza kwenye rasta (vituta vya barabarani) na baada ya muda itavuta waya zake.

Toa ethi ya betri kwanza. Paneli ya katikati imeshikwa na vibanio. Anza kuibandua kwa plastiki bapa, si kwa bisibisi ya chuma, na usiivute kwa nguvu ikishatoka kwa sababu nyuma yake kuna plagi ya hazadi na mara nyingine ya AC. Redio yenyewe imeshikwa na bolti nne za namba 10 kwenye vyuma vya pembeni. Vyuma hivyo usivitupe. Redio mpya inafungwa humohumo.

Nyuma utakuta plagi mbili za Toyota, ya pini 10 na ya pini 6. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibiwa, kwa sababu fundi mwenye haraka anazikata zote mbili na kusokota waya kwa mkono. Naomba sana usikubali. Kuna adapta inayochomekwa moja kwa moja kwenye plagi hizo, bei yake ni ndogo kuliko bei ya redio mara nyingi, na siku ukitaka kurudisha redio ya zamani au kuuza gari, plagi ziko salama. Kazi inayobaki ni kuunga waya za adapta na waya za redio mezani, kwa solda na mpira wa kusinyaa kwa joto, kabla hujagusa gari.

Upande wa redio rangi ni hizi: njano ni umeme wa kudumu wa betri, nyekundu ni wa swichi, nyeusi ni ethi, bluu yenye mstari mweupe ni ya kuwashia antena au amplifaya, na ya machungwa yenye mstari mweupe hupunguza mwanga wa redio ukiwasha taa. Spika: nyeupe ni mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia; waya wenye mstari mweusi ndio hasi ya kila jozi. Upande wa Toyota, bluu yenye mstari wa njano kwa kawaida ndiyo umeme wa kudumu, kijivu ni wa swichi na kahawia ni ethi. Usiamini rangi peke yake. Chukua mita: umeme wa kudumu unasoma volti 12 ufunguo ukiwa mfukoni, wa swichi unasoma 12 ufunguo ukiwa kwenye ACC (hatua ya kuwasha redio bila injini) na sifuri ukizima.

Dalili za kuungwa vibaya zinajieleza. Redio ikisahau saa, stesheni na simu zilizounganishwa kila unapozima gari, njano na nyekundu zimebadilishana, au fyuzi ya DOME imekatika. Angalia kama taa ya ndani ya gari nayo haiwaki. Redio ikibaki imewaka ufunguo umeshatoka, zote mbili zimepelekwa kwenye betri, na asubuhi moja utakuta gari haliwaki. Ikiandika AMP ERROR, kuna waya wa spika umegusa bodi ya gari au waya mwenzake. Hasi ya spika haiendi ethi kamwe. Amplifaya ya redio hizi inasukuma kwenye waya zote mbili. Na besi ikiwa imepotea bila sababu, spika moja imeungwa kinyume. Gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye waya za kila spika, chanya kwa chanya: koni inatakiwa kusogea nje. Inayorudi ndani ndiyo yenye kosa.

FM ikiwa hafifu wakati Bluetooth na USB zinalia vizuri, antena ina busta (kikuza mawimbi) isiyopata umeme. Waya wa bluu haukuungwa, au adapta ya bei rahisi haina pini hiyo kabisa.

Watu hutaka kujua nguvu. Kwenye boksi imeandikwa wati 50 mara 4, ila hicho ni kilele. Kwenye kitabu utakuta wati 22 mara 4 mfululizo. Kwa spika za asili za gari dogo zinatosha kabisa, na tofauti na redio ya zamani utaisikia hasa kwenye uwazi wa maneno.

Maiki ndiyo inayoamua kama mtu wa upande wa pili atakusikia. Muziki mbaya unausikia wewe mwenyewe, lakini simu mbaya anaisikia mwenzako, na wengi wanavumilia kimya. Nashauri maiki ikae kwenye kava la juu la nguzo ya usukani, au kwenye ukingo wa kizuia jua cha dereva, umbali wa sentimita 30 hadi 40 kutoka mdomoni, tundu lake likikutazama. Isikae mbele ya matundu ya AC, kwa sababu upepo unapiga kwenye kapsuli na mwenzako anasikia mvumo tupu. Isikae juu ya dashibodi chini ya kioo. Kioo kinarudisha sauti na anasikia kama uko pangoni. Waya wake upitishe ndani ya ukingo wa mlango na chini ya paneli, usipite sambamba na waya wa umeme wa redio, na usikunjwe karibu na sehemu zinazozunguka za usukani wala pedali. Chomeka hadi mwisho kwenye tundu lake la nyuma. Plagi iliyoingia nusu ni sababu kubwa ya "hawanisikii" kuliko uharibifu wa redio.

Mwenzako akijisikia mwenyewe akirudi, sauti ya spika zako iko juu mno na maiki inaikamata. Punguza sauti ukiwa ndani ya simu, kwani redio inaikumbuka sauti ya simu kando na ya muziki. Funga na vioo.

Kuunganisha simu ni dakika chache: washa Bluetooth, tafuta jina la redio, linganisha namba inayotokea, kisha ruhusu majina ya simu yasomwe. Ukikataa ombi hilo la majina, redio itaonyesha namba tupu. Kwenye mpangilio wa redio hiyo ndani ya simu yako hakikisha swichi ya simu na swichi ya media zote zimewashwa. Ikizimwa ya kwanza, nyimbo zitalia lakini simu itabaki kwenye sikio. Sauti ya media kwenye simu iweke juu, karibu na mwisho, kisha rekebisha kwa kitasa cha redio. Simu ikiwa chini na redio juu, unaongeza mvumo tu.

Wenye laini mbili, na ndio sisi wengi, wachague laini moja ya kupigia. Simu ikiwekwa iulize kila mara, ukipiga kutoka kwenye redio itasimama ikisubiri uguse kioo, na hapo maana yote ya kutoishika imepotea. Simu za WhatsApp hupita kwenye spika mara nyingi, ila kitufe cha kupokea cha redio hakifanyi kazi kwa kila simu. Jaribu gari likiwa limesimama.

Kwa muziki, flashi bado ninaipenda kuliko Bluetooth kwenye safari ndefu. Haimalizi chaji, haikatwi na ujumbe, na sauti haibanwi mara ya pili njiani. Iwe imefomatiwa kwa FAT32; zilizofomatiwa kwa exFAT na NTFS redio haitazisoma. Windows kwa kawaida haikupi chaguo la FAT32 kwa flashi kubwa kuliko GB 32, kwa hiyo nunua ya 32 au pungufu na umalize. Ogopa flashi bandia zinazojitangaza kubwa kuliko zilivyo: nyimbo za mwanzo zinalia, za mwisho zinaruka au zinakwama, na watu wanalaumu redio. Ijaze yote, kisha jaribu mafaili ya mwisho. Tumia MP3 za kbps 320 ukiweza. Zile za 128 zilizopita mikono mingi hazitapona kwa redio yoyote.

Kuna gari ambalo redio hii hailifai. Kama redio yako ya Kijapani ndiyo inayoonyesha kamera ya nyuma, ukiitoa kamera inapotea nayo. Hapo tafuta DIN 2 yenye kioo na tundu la kamera, na waya wa taa ya rivasi upelekwe hadi kwenye redio ili picha ije yenyewe. Zile za Android za bei ya chini zenye RAM ya GB 1 sizipendekezi: zinachelewa kuwaka, na maiki yake imefichwa nyuma ya tundu dogo kwenye uso wa redio. Kama umeshanunua ya aina hiyo, angalia nyuma kama kuna tundu la maiki ya nje. Likiwepo, ongeza maiki ya waya siku hiyohiyo kabla paneli haijarudishwa.