Wamekata ushindi wenyewe: picha iliyochapwa ya farasi wa mbio Secretariat, ya kutundika sebuleni

"Kaka, farasi si yupo mzima? Tumetoa tu pale nyuma palipokuwa patupu." Hilo ndilo jibu la muuzaji nilipompigia kuuliza kwa nini picha niliyoagiza imekatwa, na tangu siku hiyo siwezi kuitazama chapa hii bila damu kuchemka.

Patupu! Hapo patupu ndipo picha ilipo. Tarehe 9 Juni 1973, uwanja wa Belmont, New York, Secretariat alimaliza maili moja na nusu kwa dakika 2 na sekunde 24, akamwacha aliyemfuata kwa urefu wa farasi 31. Hesabu urefu mmoja karibu mita 2.4: ni zaidi ya mita 70 za uwanja usio na kitu. Mpanda farasi wake, Ron Turcotte, kageuza uso kutazama saa ya uwanjani, maana mpinzani aliyebaki ni hiyo saa. Kwenye sampuli niliyoichagua, wenzake walionekana huko nyuma kabisa, wadogo kama nzi. Kwenye chapa niliyoletewa hawapo. Kabaki farasi mmoja anakimbia peke yake, kama yuko mazoezini.

Kosa lenyewe ni la hesabu ndogo mno. Faili ilikuwa na uwiano wa 3 kwa 2, uwiano wa filamu ya milimita 35. Fremu zao ni za inchi 16 kwa 20. Picha ikipewa kimo cha inchi 16 inadai upana wa inchi 24, kwa hiyo wakafyeka inchi 4, zote upande mmoja: sehemu moja ya sita ya picha imeenda na maji. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba fremu yao ileile ingetosha. Chapa picha nzima kwa inchi 12 kwa 18, izungushie kadi nyeupe ya pambizo, inchi 1 kila ubavu na inchi 2 juu na chini, basi. Kwa picha za mbio za farasi ndiyo njia pekee ninayoikubali, kwa sababu karibu zote ni pana, na habari yake iko kwenye umbali kati ya farasi na farasi.

Sasa niwe mkweli. Uchapaji wenyewe ni mzuri, tena mzuri sana. Niliishika lenzi nikakagua shingo ya farasi, mahali ambapo chapa za bei rahisi huumbuka: ikiwa picha ilinakiliwa kutoka gazetini utaona vitone vilivyojipanga kwa safu, na hapo rudisha mzigo. Hapa hakuna, kuna chembechembe za filamu tu, zimetawanyika ovyo kama inavyotakiwa. Rangi nayo waliipatia. Secretariat alikuwa wa kahawia nyekundu, na printa isiyorekebishwa humgeuza rangi ya chungwa. Tazama miraba ya buluu na nyeupe kwenye kofia aliyovishwa farasi kichwani: nyeupe ikiwa na uwaridi, ujue farasi naye amedanganywa. Yangu ilikuwa nyeupe safi. Kwa hili peke yake ningewapa nyota nne.

Halafu nikafungua mgongo wa fremu.

Wameibandika karatasi kwa selotepu pande zote nne! Karatasi hunywa unyevu ikatanuka, na huku pwani unyevu haukosekani. Ikibanwa pande zote haina pa kwenda, inajikunja mawimbi. Yangu ilishaanza kuvimba katikati, juu ya mgongo wa farasi. Inatakiwa ining'inie kwa vipande viwili vya utepe wa karatasi usio na asidi, upande wa juu tu, chini iachwe huru. Tena waliigandamiza kwenye kioo moja kwa moja. Unyevu ukiingia hapo katikati, uso wa chapa unanata kioo, na siku ukiutenganisha rangi inabaki kwenye kioo. Ile kadi ya pambizo niliyoisema, ya unene wa milimita 2, ndiyo inayoacha nafasi ya hewa. Wangeiweka, wangetibu kosa la kukata na hili la kioo kwa mpigo.

Mgongoni bandika vidonge vya mpira kwenye pembe mbili za chini ili fremu isilale juu ya ukuta wenye unyevu. Kitovu cha picha kiwe kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Mbali na jua la dirishani, hata kama wino ni mzuri.

Nilikuwa niandike nyota tatu. Lakini kila nikikumbuka "palipokuwa patupu" naona hata mbili ni nyingi. Mtu anayeuza picha za mbio na haoni kwamba farasi aliyeachwa nyuma ni sehemu ya picha, anauza nini? Nawapa moja. Wakikubali kuichapa upya nzima nitapandisha, kwa sababu ile kahawia nyekundu sijaiona kwa mwingine. Ukiwaagiza, waandikie kwenye oda: "Msikate popote, acheni ukingo mweupe," na udai wakutumie picha ya chapa iliyokamilika kabla haijaingia kwenye fremu.