Programu ya kutengenezea kozi: ukinunua, anza na simu ya mwanafunzi

Juzi jamaa yangu wa Nyali, yeye kazi yake kufundisha wafanyakazi wa mahoteli, kanipigia ati "niambie programu gani bora ya kutengeneza kozi, nataka kulipa leo leo." Nikamwambia ngoja kwanza ndugu yangu, hao wahudumu wako kozi wataifungulia wapi? Kwenye simu zao, tena kwa bando la pesa zao. Basi hapo mambo yashabadilika, wewe kuwa na Mac na mwenzio Windows hiyo ni shida yenu, lakini kitakachotoka sharti kifunguke kwenye brauza ya Android ya bei ya chini, la sivyo pesa umezitupa baharini. Na lazima itoe SCORM, yaani muundo wa faili ambao mifumo ya kusomeshea mtandaoni kama Moodle huutumia kujua nani kamaliza na nani kafeli.

Haya, mimi nazipanga hivi.

Ya kwanza H5P, ukiitumia na Lumi, yaani programu ya kompyuta unayotengenezea masomo ya H5P. Bure kabisa, yaingia Windows, Mac na Linux, na ukimaliza yakutolea faili moja ya HTML au SCORM. Video yenye maswali katikati, picha za kubonyeza, kwizi, vyote vimo. Ukitaka kozi ya matawi mengi, jibu la mwanafunzi ndilo linampeleka njia hii au ile, na kila kitu ukipange utakavyo wewe, hapo utabanwa. Lakini kozi ya kutandika kitanda yataka makeke gani jamani?

Ya pili Storyline, kwa ufundi hii yazipita zote, ila ni ya kulipia kila mwaka kwa dola na ni ya Windows, mwenye Mac mpaka aweke Windows ndani ya Parallels na laptopu ianze kuhema. Nunua kama mteja ashatoa diposi.

Ya tatu iSpring, inakaa ndani ya PowerPoint ya Windows, kwa hiyo kama una slaidi tele za zamani utazigeuza kozi upesi. Captivate naiweka ya nne, yaingia Windows na Mac zote, basi. eXeLearning nayo ni ya bure, sura yake si ya kumvutia mteja lakini mwalimu yamtosha.

Hiyo ya kulipia kila mwaka itazame vizuri. Mimi yalinikuta, sitaji programu, kampuni moja ya kutoa mizigo Kilindini walitaka tu nibadilishe namba ya simu ya dharura kwenye kozi, malipo yangu yalikuwa yameisha, faili ikagoma kufunguka. Nikalipa mwaka mzima kwa ajili ya namba moja! Siku hizi marekebisho nayaandika kwenye mkataba na bei yake. Na waliokuwa na kozi za Flash, ile teknolojia ya zamani ya picha za kucheza kwenye brauza, wanajua, Adobe waliacha kuihudumia 31 Desemba 2020 na kozi zikabaki mapambo.

Kabla ya kulipa tumia siku za majaribio, tengeneza kurasa chache uzipandishe kwenye Moodle, kisha omba simu ya askari wa getini, zima waifai, washa data, soma mpaka nusu utoke halafu urudi. SCORM 1.2 huweka kumbukumbu ya herufi 4,096 tu ya ulipofikia, kwa hivyo kozi ndefu ikikurudisha mwanzo igawe vipande.