Petersburg, Virginia: mahandaki ya kwenda kuona mwenyewe

Ukiwa na siku moja tu Virginia na unataka kuielewa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, achana na masanamu, nenda Petersburg. Majeshi ya Grant, jenerali wa Muungano (Kaskazini), na ya Lee, jenerali wa Kusini, yalikabana hapa tangu Juni 1864 mpaka Aprili 1865, na udongo waliouchimba bado upo. Kiingilio hakuna. Unapita na gari, unashuka kituo kwa kituo.

Wengi hukimbilia lile shimo la mlipuko. Mimi naomba uanzie Betri ya 9, ngome ya mizinga ya Kusini. Tarehe 15 Juni 1864 askari weusi wa Muungano walikuwa miongoni mwa walioziteka ngome za upande huu. Nilisimama pale nikatazama uwazi waliouvuka chini ya mizinga, na nilijivunia watu wale kama ndugu zangu wa damu.

Kisha nenda kwenye shimo. Wachimba makaa ya mawe wa kikosi cha 48 cha Pennsylvania walitoboa njia ya chini kwa chini yenye urefu wa zaidi ya mita 150, hadi chini ya ngome ya Kusini, ili kuilipua. Hewa waliipata kwa akili kubwa: waliwasha moto chini ya bomba la kutolea moshi, joto likavuta hewa chafu juu, na hewa safi ikaingia ndani kupitia mfereji wa mbao. Alfajiri ya tarehe 30 Julai utambi ulizimika njiani, wawili wakaingia kuuwasha upya. Zikalipuka takriban kilo 3,600 za baruti. Askari weusi, waliokuwa wamefundishwa kuongoza shambulio hilo, walibadilishwa dakika za mwisho, wakaja kuingizwa mambo yakiwa yameshaharibika. Wengi waliuawa wakiwa wamejisalimisha. Ukifika, usipite haraka.

Leo shimo lenyewe limejaa nyasi na kina chake kimepungua sana, kwa hiyo usitegemee korongo.

Nenda majira ya baridi, majani yakiwa yamepukutika. Hapo ndipo matuta yaliyomo msituni yanaonekana vizuri, yanapinda na kurudi, na kiangazi kupe ni wengi. Na tafadhali, usipande juu ya tuta hata kwa picha moja. Nyasi zikikanyagwa zikafa, mvua inaubeba udongo, na hakuna wa kuurudisha. Niliona familia nzima imekaa juu ya tuta inakula, na iliniuma. Njia za miguu zipo, na zinatosha.