Ngome za Maginot au vifaru vya de Gaulle?

Mjadala huu hauishi: kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Ufaransa ingejilinda vipi dhidi ya Ujerumani, kwa ngome za zege za mpakani zilizoitwa Maginot, au kwa vifaru alivyovitaka ofisa wa jeshi lake, Charles de Gaulle? Kwa gharama, hakuna cha bei nafuu: mwaka 1930 bunge la Ufaransa lilitenga faranga bilioni 2.9 kwa ngome za mpakani. Mwaka 1934 de Gaulle alitaka jeshi la wanajeshi wa kudumu 100,000, lenye vifaru.

Kwa kutegemewa, ngome zinaonewa. Wajerumani walizikwepa: walipita misitu ya Ardennes, wakavuka mto Meuse pale Sedan Mei 13, 1940. Ngome kubwa karibu zote zilikuwa bado mikononi mwa Wafaransa vita viliposimamishwa Juni, na kule Alps ziliwazuia Waitalia. Ila zege halihami.

Kifaru kinahama, lakini kina kiu. Mei hiyohiyo vifaru vizito aina ya B1 vilikutwa na adui vikijaza mafuta. Ngome nayo hudai pampu, umeme na hewa safi chini ya ardhi.

Kwa taifa lililopoteza askari wapatao milioni 1.4 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kuta ziliokoa watu. Kwa taifa lililoahidi kuisaidia Poland, kuta hazisafiri.